Chevrolet ya 1959 kwenye hewa ya chumvi: jinsi ya kuitunza mwenyewe hapa Tanga

Nilipoikuta Muheza, kuku walikuwa wanatagia kwenye siti. Imeegeshwa chini ya mwembe nyuma ya nyumba, matairi yamezama ardhini, na mwenyewe alinionyesha kwa aibu kidogo, kama mtu anayeonyesha chumba ambacho hakijafagiliwa. Pikapu ya Chevrolet Apache, nusu tani, mwaka 1959, injini ya silinda 6 ya inchi za ujazo 235, yaani karibu lita 3.9. Usukani uko kulia. Chevrolet za usukani wa kulia zilikuwa zikitoka Canada na Afrika Kusini, ambako General Motors ilikuwa na kiwanda Port Elizabeth tangu 1926.

Mimi si fundi. Ni mtu wa ofisini mwenye Jumamosi zake. Ninamwandikia mwenzangu wa aina hiyo: aliyerithi Ford ya marehemu babu, au aliyenunua Dodge kwa mapenzi kabla ya kupiga hesabu. Mifano mingi ni ya Chevrolet kwa sababu ndiyo iliyonichubua vidole. Nimejifunza kwa gharama kwamba gari la namna hii uzee haulisumbui sana. Linauawa na anayelifungua kabla hajalijua, kisha chumvi ya pwani inamalizia.

Hatua ya kwanza: wiki nzima usishike spana

Nunua daftari gumu. Kaa na gari, piga picha kila pembe ya injini, kila waya unapoingia na unapotokea. Funga kila waya kipande cha plasta chenye namba, na namba hiyo iandike daftarini pamoja na kazi ya waya wenyewe. Ni kazi ya kuchosha na jirani atakuona huna shughuli. Fanya tu.

Kumbuka kwamba hununui gari lililotoka kiwandani. Unanunua gari pamoja na miaka sitini na kitu ya mafundi waliolipitia. Chini ya boneti yangu nilikuta koili ya Toyota, waya wa kengele ya mlango, na bomba la petroli lililoungwa kwa kipande cha mpira wa dripu. Kila kimoja kiliwahi kumfikisha mtu nyumbani, kwa hiyo usikitukane. Kiandike, uje ukibadilishe kwa zamu yake.

Tafuta pia kitabu cha gereji cha kiwanda cha mwaka wa gari lako. Vya Chevrolet vya miaka hiyo vinapatikana mtandaoni. Chapisha kurasa za breki, umeme na kabureta, zitie kwenye mfuko wa plastiki. Fundi atakayekwambia kitabu hakina maana, mpe soda, kazi usimpe.

Hatua ya pili: spana za inchi

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo magari mengi yanapoharibiwa. Fundi wetu amekulia kwenye Toyota. Boksi lake lina 8, 10, 12, 14, 17. Gari lako lote ni inchi.

Saizi nyingine zinakubaliana kwa bahati. Robo tatu ya inchi ni milimita 19.05, kwa hiyo spana ya 19 inakaa kama imezaliwa hapo. 5/8 ni milimita 15.9, ya 16 inafaa. Balaa liko kwenye nusu inchi na 9/16. Nusu inchi ni milimita 12.7: ya 12 haiingii, ya 13 inaingia lakini inacheza. 9/16 ni milimita 14.3: ya 14 inagoma, ya 15 inacheza zaidi, na kuna watu wanaigongelea ya 14 kwa nyundo. Kule kucheza ndiko kunakokula pembe za nati mpaka inakuwa duara, halafu patasi inaletwa.

Mbaya kuliko spana ni boliti. Gereji moja ilinifungia boliti ya milimita 8 kwenye tundu la inchi 5/16 pembeni mwa injini. Unene unakaribiana sana, milimita 8 kwa 7.94, lakini meno hayafanani. Ya inchi, ile ya meno makubwa, ina meno 18 kwa kila inchi. Ya milimita inapanda milimita 1.25 kwa kila mzunguko. Iliingia mizunguko miwili kwa mkono, ikakaza, fundi akachomeka bomba kwenye spana ili apate nguvu. Meno yote ya tundu yakatoka kama unga. Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa kukereza vyuma, Ngamiani. Alitoboa tundu likawa pana, akakereza bushi ya chuma, akaipiga meno nje na ndani, akaikaza mle. "Mwanangu," akaniambia bila kuinua macho kwenye mashine, "boliti ikikataa kwa vidole, ina sababu. Iulize kwanza."

Tangu siku hiyo sheria yangu ni hii: boliti yoyote inaanzwa kwa vidole, mizunguko minne au mitano, ndipo spana iguse. Na boliti zangu zinakaa kwenye makopo yake, hazichanganywi na za Noah ya mke wangu.

Spana za inchi waulize wenye karakana za zamani na watu waliofanya kazi kwenye mitambo ya mkonge. Ukipewa zenye herufi W, hizo ni za Whitworth, za Kiingereza. Namba yake inahesabu unene wa boliti, haihesabu upana wa kichwa, kwa hiyo "1/2 W" haitakaa kwenye nati yako ya nusu inchi hata uilazimishe vipi.

Hatua ya tatu: kuamsha injini iliyolala

Hamu ya kwanza ya kila mtu ni kufunga betri mpya na kupiga stata. Acha. Ringi zilizoshikana na kutu kwenye silinda zinavunjika kwa namna hiyo.

Toa plagi zote sita. Mimina vijiko viwili vya oili nyepesi kwenye kila tundu, uache siku tatu, ukiongeza kidogo kila jioni. Siku ya nne weka gia ya juu kabisa, shuka, usukume gari taratibu mbele na nyuma ukiwa na mtu wa kukusaidia. Injini ikikubali kuzunguka hata robo, umeshinda nusu ya vita. Ikikataa, ongeza oili na subira. Yangu ilichukua siku kumi na moja.

Wakati unasubiri, mwaga petroli yote ya zamani. Ina harufu ya rangi ya mlango, huwezi kuikosea. Toa tangi, tia changarawe safi ndani, tikisa, osha, kausha juani. Usichomelee tangi hata kama fundi anakuhakikishia kwamba ni tupu. Mvuke wa petroli unabaki kwenye mikunjo ya bati. Badilisha mabomba ya mpira yote na funga filta ndogo ya kioo kabla ya kabureta.

Mwaga oili ya injini, tia mpya, halafu zungusha kwa stata plagi zikiwa bado nje mpaka geji ya oili ipande. Hapo ndipo urudishe plagi na uombe moto.

Swali ninaloulizwa sana ni la petroli isiyo na risasi. Petroli ya risasi iliondoka huku kwetu mwanzoni mwa 2006, na injini za enzi ile ziliitegemea kulinda viti vya valvu. Usikimbilie kufungua silinda hedi, yaani kichwa cha injini chenye valvu, kwa ajili hiyo. Pima nafasi za tapeti, yaani uwazi mdogo kati ya valvu na chuma kinachoisukuma, kila baada ya muda na uandike. Nafasi ya valvu za moshi ikizidi kupungua kila unapopima, viti vinaliwa, na hapo ndipo utafute fundi wa hedi. Yangu, kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa na mizigo ya nazi, haijasogea.

Hatua ya nne: moto

Hakuna kompyuta. Kuna betri, koili inayokuza umeme, distributa inayougawa kwa plagi, na kipande cha chuma kinachofunga na kufungua, mafundi wanakiita pointi. Karibu kila injini iliyokataa kuwaka mbele yangu ilikuwa inaumwa hapo.

Fungua kikofia cha distributa, chomoa rota, kile kipande kinachozunguka chini yake. Zungusha injini mpaka kile kijiti cha pointi kikae juu kabisa ya nundu ya mhimili. Sasa pointi zimeachana mwisho wa uwezo wake. Zitazame uso kwa uso. Zikiwa na rangi ya kijivu ni nzima. Zikiwa zimechimbika upande mmoja na kuota kichuguu upande wa pili, kondensa, kile kikopo kidogo cha umeme kando yake, imechoka. Badilisha vyote viwili. Kama ni uchafu tu, pitisha tupa laini mara moja au mbili, kisha ubane kipande cha bahasha kati yake na ukivute mpaka kitoke cheupe. Msasa usitumie, unaacha punje.

Nafasi: inchi 0.019 kwa pointi mpya, 0.016 kwa zilizokwisha tumika, yaani karibu nusu milimita na 0.4. Geji ipite ikigusa kidogo, kama kisu kwenye siagi baridi. Legeza skrubu ya kushikilia, sogeza, kaza, upime tena, kwa kuwa kukaza kwenyewe kunasogeza. Tia grisi kidogo mno kwenye nundu, kiasi cha kichwa cha kiberiti. Plagi nazo ziachane inchi 0.035, karibu milimita 0.9.

Mpangilio wa moto wa 235 ni 1-5-3-6-2-4, silinda ya kwanza ikiwa mbele, kwenye rejeta. Uandike kwa rangi ndani ya boneti. Mara mbili nimepigiwa simu na mwenye gari lililorudi kutoka kwa fundi likipiga chafya kwenye kabureta, na mara zote mbili nyaya mbili zilikuwa zimebadilishana.

Kwa kupanga muda wa moto, wengi wanatafuta alama kwenye puli ya mbele wasiione. Kwenye injini hii alama iko nyuma: gololi ya chuma imepigiliwa kwenye flaiwili, gurudumu zito la nyuma ya injini, na kuna kidirisha kwenye ganda lake karibu na stata. Nilisugua kutu yote pale kwa brashi ya meno mpaka ikang'aa kama jicho la samaki, nikaitia tone la rangi nyeupe. Unawasha taa ya kupimia, unazungusha distributa polepole hadi gololi ije kwenye mshale. Kama huna taa, azima. Kwa sikio utakaribia tu.

Masika yakianza, unyevu unaingia kwenye kikofia usiku na asubuhi gari linamisi au halishiki kabisa. Futa ndani kwa kitambaa kikavu kabla hujaanza kulaumu kingine.

Hatua ya tano: breki, na hapa hakuna ubahili

Apache ya 1959 ina masta silinda, pampu kuu ya maji ya breki, moja tu yenye njia moja kwa magurudumu yote manne. Chevrolet iligawa breki njia mbili kwenye magari yake yote kuanzia ya 1967. Maana yake: bomba moja likipasuka popote, mguu unakwenda mpaka chini na huna kitu. Breki ya mkono ndiyo bima yako, iweke nzima kabla ya hizo nyingine.

Masta silinda unaijazia kupitia kifuniko chake cha juu. Vumbi na mchanga vinakaa hapo. Fagia, futa kwa kitambaa, ndipo ufungue. Tumia maji ya breki ya DOT 3 na usiazime oili yoyote ya injini hata tone, inavimbisha raba zote. Maji hayo yananyonya unyevu wa hewa, na hewa ya Tanga unaijua. Mimi nayamwaga yote kila mwaka baada ya masika. Chupa iliyofunguliwa tangu mwaka juzi usiitumie.

Raba za wili silinda, silinda ndogo za breki kwenye kila gurudumu, zinauzwa kwa kipimo cha inchi. Pima kipenyo cha ndani, nenda dukani na raba ya zamani mkononi. Zile za Land Rover za zamani nazo ni za inchi, muuzaji anaweza kuwa nazo bila kujua kwamba zinakufaa. Silinda ikiwa na vishimo vya kutu, raba mpya haitasaidia; mpelekee mtu wa kukereza aivishe bushi. Vumbi la ngoma za breki usilipulize kwa upepo wa kompresa. Laini za zamani zilikuwa na asbesto, ambayo inaua mapafu taratibu. Lowesha kwa maji ya sabuni, futa, tupa kitambaa.

Kutoa upepo kwenye mabomba ya breki kunahitaji watu wawili. Vitabu vya Kimarekani vinaanzia gurudumu la nyuma kulia, kwa kuwa dereva wao anakaa kushoto. Sheria yenyewe ni kuanza na gurudumu lenye bomba refu zaidi kutoka masta silinda, na kwa usukani wetu ni nyuma kushoto. Mimi nakuwa chini na mpira wa kupitishia uliozama kwenye chupa ya maji ya breki, mpwa wangu yuko kwenye pedali.

"Kanyaga, mjomba."

"Nimekanyaga."

"Shikilia!" Nafungua, mapovu yanatoka. Nafunga. "Achia. Polepole."

"Nimeachia, mjomba. Chai itakuwa imepoa."

Ukisahau "shikilia", akiachia wakati skrubu iko wazi, gari linavuta upepo upya na mnaanza alifu kwa ujiti. Kila baada ya mikanyago mitano chungulia kiwango cha maji.

Na unapokuwa chini: jeki pekee si kitu cha kukutegemezea roho. Weka stendi za chuma au magogo mapana, sukuma gari kwa bega kabla hujaingia. Matofali ya saruji yanapasuka bila taarifa.

Maji, oili, grisi

Haya nitayapita haraka. Fundi akitaka kutoa themostati "kwa sababu huku ni joto", mkatalie. Injini isiyofikia joto lake inajaza oili uchafu mweusi. Gari likichemsha, tatizo kwa kawaida ni rejeta iliyoziba, mkanda wa feni uliolegea au moto uliochelewa. Maji ya kisima cha pwani yana chumvi na chokaa, yanajenga ganda ndani ya rejeta kama la birika. Kinga maji ya mvua, changanya na kulanti.

Filta ya oili ya injini hii, kama ipo, inachuja sehemu tu ya oili inayozunguka, kwa hiyo mwaga mapema: mimi kila kilomita 1,500, oili ya 15W-40 ile ya magari ya dizeli, ambayo ina zinki ya kutosha kwa tapeti za zamani. Kama pikapu yako ni ya kabla ya 1954, huenda ina injini ya 216, yenye beringi za kumiminwa na oili ya kurushiwa kwa vijiko. Hiyo usiikimbize Barabara ya Segera.

Tia grisi kwenye nipeli zote, vile vichuchu vya kupampia grisi, kila mwezi. Zihesabu kwenye kitabu. Pampu mpaka grisi mpya itokeze pembeni ikisukuma ile nyeusi.

Upande wa umeme, Chevrolet ya 1956 kuja huku ni volti 12 na hasi kwenye bodi. Ford za kabla ya 1956 ni volti 6 na chanya ndiyo inayokwenda kwenye bodi; mtu akifunga betri kwa mazoea, dainamo inaumia. Nyaya zilizovikwa kitambaa zimekwisha, na panya wanazipenda. Badilisha kidogo kidogo, mzunguko mmoja kila Jumamosi, na ongeza fyuzi kila unapoweza.

Hatua ya mwisho, ambayo haina mwisho: chumvi

Kaskazi ikivuma, ukiegesha Raskazone usiku mmoja, asubuhi pitisha ulimi kwenye kioo cha mbele utaonja. Chumvi hiyo imeingia pia usikofikia: chini ya milango, pembe za kebini nyuma ya siti, ndani ya matao ya matairi, kwenye mikunjo ambako bati mbili zimepandana.

Osha kwa maji baridi ya bomba kila wiki, na chini ya gari zaidi kuliko juu. Kila mlango una vitundu vya kutolea maji upande wa chini. Vizibue kwa njiti ya mnazi. Vya kwangu vilikuwa vimezibwa na rangi ya mtu aliyetaka gari lipendeze, na milango ikajaa maji kama mitungi. Baada ya mvua, fungua milango gari lianike.

Kutu ikishatokea, kwangua hadi chuma cheupe, pitisha dawa ya kutu, praima, ndipo rangi. Bati likitoboka, kata sehemu yote mbovu uchomelee bati jipya. Puti juu ya kutu ni kufunika shimo la panya kwa mkeka: miezi sita inapendeza, halafu linakudondokea mkononi kipande kizima. Sehemu za ndani zisizoonekana nyunyizia oili iliyochanganywa na grisi iliyoyeyushwa. Iwe mbali na breki na raba.

Kwa nikeli za bampa, kunja karatasi ya foili ya jikoni, lowesha maji, sugua. Kutu nyepesi inatoka bila kuchubua. Ukitaka zing'ae kweli, mpe mwenye mashine ya kung'arishia. Magurudumu ya hizo mashine kwa kazi ya mwanzo yanashonwa kwa nyuzi za mkonge, na mimi hufurahi peke yangu nikifikiri kwamba huenda zao la Tanga limewahi kung'arisha bampa hii kabla haijavuka bahari.

Ukitoka nje ya mji, nyuma ya siti weka: pointi na kondensa za akiba, rota, mkanda wa feni, lita tano za maji, kabari mbili za kuzuia tairi, spana zako za inchi, tochi. Na kamba nene ya mkonge, mita sita. Nimeitumia mara mbili. Mara ya kwanza nilivutwa na Canter ya machungwa kutoka Muheza mpaka Pongwe, kijana wa juu akinirushia machungwa njia nzima. Mara ya pili mimi ndiye niliyekuwa mbele, navuta Noah ya mke wangu.